Laki na Nusu au Elfu Kumi na Tano?

Wakala wangu wa pesa za simu ana tabia ya kuudhi. Ukimgeuzia skrini ili asome mwenyewe kiasi unachotaka kutoa, hasomi. Anakutazama usoni na kusema, "Nitajie, kaka. Kwa mdomo." Foleni nyuma yako inaguna, bodaboda ameshawasha injini, yeye anasubiri tu. Nilidhani ni maringo, mpaka siku niliyomtumia fundi bomba 150000 badala ya 15000.

Tulikuwa tumekubaliana "kumi na tano", maana siku hizi kwenye kupatana bei hakuna anayejisumbua kutaja elfu. Nilikuwa nimesimama kituoni, jua la saa saba, mkono mmoja umeshika mfuko wa mboga. Nikaandika tarakimu. Menyu ya nyota na reli ikaniuliza kama nathibitisha kutuma 150000 kwenda kwa fulani. Nikasoma jina: ni lake. Nikatazama kiasi: moja, tano, masifuri. Sawa. Nikaweka namba ya siri. Dakika mbili baadaye fundi akapiga mwenyewe, Mungu ambariki. "Bosi, umenitumia laki na nusu."

Hapo ndipo nilipostuka. Kiasi kile kile kilikuwa kimekaa mbele ya macho yangu, kikubwa mara kumi ya deni langu, na kichwa hakikunong'ona chochote. Maneno matatu sikioni yakaniamsha. Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza kwa nini jicho lilipitisha kitu ambacho sikio lilikikamata papo hapo, na nimefika mahali pa kuamini kwamba yule wakala anakijua kitu kuhusu vichwa vyetu ambacho waliobuni menyu zile hawakukizingatia.

Tuanze na jicho. Mwaka 1871 mwanauchumi Mwingereza William Stanley Jevons alichapisha katika jarida la Nature jaribio alilojifanyia mwenyewe. Alikuwa akirusha maharage meusi ndani ya kisanduku, anatupia jicho mara moja, anataja idadi bila kuhesabu, kisha ndipo anahesabu kujisahihisha. Alirudia zaidi ya mara elfu moja. Maharage matatu au manne hakukosea hata mara moja. Yalipofika matano akaanza kuteleza hapa na pale, na kadiri yalivyoongezeka ndivyo alivyozidi kubahatisha. Mcheza bao halihitaji jaribio hilo. Shimo lenye kete tatu huonekana. Lenye kete tisa hukisiwa, tena ukikisia vibaya unalala.

Sasa rudi kwenye 150000 na 15000. Tarakimu sita na tarakimu tano. Zote mbili ziko upande ule wa Jevons wa kuteleza. Jicho halioni "sita" wala "tano", linaona kichwa cha namba na mkia wa masifuri. Ndiyo maana tunaweka mkato kila baada ya tarakimu tatu: mkato hukata mkia mrefu usiohesabika kwa jicho kuwa vipande vinavyohesabika. 150,000 na 15,000 hazifanani hata kidogo. Ondoa mkato, na namba mbili zilizopishana mara kumi zinakuwa ndugu wa kufanana.

Lakini kuona urefu ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kujua ipi kubwa, na hapa wanasaikolojia wamebishana kwa muda mrefu kuliko unavyoweza kudhani, kwa swali ambalo mtoto wa darasa la kwanza angelicheka.

Ubishi ulianza kwa tarakimu moja moja. Mwaka 1967 Robert Moyer na Thomas Landauer waliwaonyesha watu wazima jozi za tarakimu na kuwaambia wabonyeze upande wa ile iliyo kubwa. Mtu mzima anajua kwamba 9 ni kubwa kuliko 2, na anajua vilevile kwamba ni kubwa kuliko 8. Ungetarajia ajibu kwa kasi ileile. Haikuwa hivyo. Kadiri tarakimu zilivyokaribiana, ndivyo watu walivyochelewa na kukosea zaidi. Ni kama kupima mizigo kwa mkono. Gunia la mahindi na kifurushi cha sukari hata mtoto atakwambia kipi kizito, lakini magunia mawili yanahitaji mizani. Yaani alama 8 na alama 9, ambazo kwenye karatasi ni michoro miwili tu, zikiingia kichwani zinageuka kitu chenye uzito, na uzito wenyewe una ukungu.

Je, namba ya tarakimu mbili? Mwaka 1990 Stanislas Dehaene na wenzake huko Ufaransa waliwapa watu namba moja moja na kuwauliza kama ni kubwa au ndogo kuliko 65. Fikiria 71 na 79. Ukishaona 7 mbele, jibu limepatikana. Tarakimu ya mwisho haina kazi. Hata hivyo watu waliikubali 79 haraka kuliko 71, kwa sababu 79 iko mbali zaidi na 65. Wakahitimisha kwamba akili haichambui makumi na mamoja. Inaiyeyusha namba nzima kuwa kiasi kimoja, kama chumvi kwenye maji, kisha inalinganisha viasi. Hoja ilikuwa nzuri, na ikakaa kitini kwa muongo mzima.

Mwaka 2001 Hans-Christoph Nuerk, Ulrich Weger na Klaus Willmes, wakifanya kazi na wasemaji wa Kijerumani, wakaitikisa. Jaribu mwenyewe: ipi kubwa, 42 au 57? Haya, 47 au 62? Jozi zote mbili zimepishana kwa 15 kamili. Kama namba huyeyushwa, muda uwe uleule. Ile ya pili huchukua muda zaidi, na watu huikosea zaidi. Sababu ni kwamba katika jozi ya kwanza tarakimu zinaelewana: 4 ni ndogo kuliko 5, na 2 ni ndogo kuliko 7. Katika ya pili zinagombana: makumi yanasema 62 ndiyo kubwa, lakini mamoja yanakuja na 7 dhidi ya 2 na kudai kinyume. Mamoja hayana kura katika uamuzi huo. Ila yamesimama nje ya kituo yanapiga kelele, na akili haiwezi kuziba masikio.

Kwangu mimi huu ndio ugunduzi wenye uzito zaidi katika eneo hili lote. Hatusomi namba kama kitu kimoja. Tunaisoma kama msafara wa tarakimu, kila moja ikilinganishwa na mwenzake wa nafasi ileile, kisha tunasuluhisha ugomvi wao. Wapo bado wanaotetea kiasi kilichoyeyushwa, na yawezekana mambo yote mawili hutokea kwa pamoja. Lakini kwa namba za maisha yetu, zile za mishahara, kodi za nyumba na bajeti, hoja ya msafara inaeleza mengi zaidi. Tangu miaka ya 1980 majaribio ya Steven Poltrock na David Schwartz yalionyesha kwamba namba ndefu zenye urefu sawa hulinganishwa kwa kutembea kutoka kushoto, tarakimu baada ya tarakimu, hadi inapopatikana inayotofautiana.

Chukua mfano wa nyumbani. Bajeti ya serikali ya Tanzania ya mwaka 2024/25 ilikuwa trilioni 49.35, na ya 2025/26 trilioni 56.49. Angalia mbele ya nukta: 49 na 56. Makumi yanapanda, mamoja yanashuka kutoka 9 hadi 6. Ni jozi ya ugomvi, ya aina ileile ya Nuerk. Au sensa: Kenya mwaka 2019 ilihesabu watu 47,564,296, Tanzania mwaka 2022 ikahesabu 61,741,120. Tena 4 na 6, tena 7 na 1. Nimewahi kuziandika sensa hizi mbili ubaoni na kuwauliza watu tofauti yake ni milioni ngapi, wajibu bila kalamu. Wengi walisema ishirini hivi. Ni kumi na nne na kidogo. Walichukua 6, wakatoa 4, wakaziacha tarakimu nyingine zijitegemee.

Wenye maduka waliligundua hili kabla ya maprofesa. Televisheni haiuzwi milioni moja, inauzwa 999,000, na kwa kupunguziwa shilingi elfu moja tu mnunuzi anarudi nyumbani akisema amenunua "laki tisa na kitu". Manoj Thomas na Vicki Morwitz walionyesha mwaka 2005 kwamba ujanja huu hufanya kazi pale tu tarakimu ya kushoto inapobadilika: dola 2.99 huonekana nafuu kwa wazi kuliko 3.00, lakini 3.59 haipati faida hiyo mbele ya 3.60. Senti ni ileile moja. Na si wanunuzi wa dukani peke yao. Nchini Marekani, uchunguzi wa mauzo ya magari yaliyotumika, zaidi ya milioni 22, ulikuta bei ikidondoka ghafla kila gari linapovuka maili elfu kumi nyingine; gari la maili 79,900 na la maili 80,000 ni chuma kilekile. Hata madaktari: utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulikuta kwamba wagonjwa wa mshtuko wa moyo waliolazwa ndani ya wiki mbili baada ya kutimiza miaka 80 walifanyiwa upasuaji wa kupandikiza mishipa mara chache kuliko waliolazwa ndani ya wiki mbili kabla. Mwili uliozeeka kwa siku kumi na nne umehama kutoka sabini kwenda themanini kwenye faili.

Hapa ndipo ninapotaka kuzungumzia lugha yetu, maana nadhani tuna kitu mkononi ambacho hatukithamini.

Wajerumani wana tatizo. Kwa Kijerumani 47 husomwa siebenundvierzig, yaani "saba na arobaini". Jicho linakutana na 4 kwanza, mdomo unatanguliza 7. Watoto wa huko wakisomewa namba waziandike, sehemu kubwa ya makosa yao ni kugeuza: mwalimu anasoma 47, mtoto anaandika 74. Kiarabu ni hivyo hivyo, sab'a wa arba'in, saba na arobaini. Na sisi maneno yetu ya makumi tuliyachukua kwa Waarabu karibu yote: ishirini, thelathini, arobaini, hamsini, hadi tisini. Lakini tulichukua maneno, utaratibu tukauacha bandarini. Waswahili wa zamani walihesabu pia hedashara na thenashara kwa mtindo wa Kiarabu, na mpaka leo msomaji wa Biblia anakutana na wale Thenashara. Hatimaye hata hayo yakashindwa na kumi na moja, kumi na mbili. Tukasema arobaini na saba, kubwa mbele, dogo nyuma, sawasawa na inavyoandikwa.

Nisije nikaonekana najisifu: kutanguliza makumi hakumwokoi mtu na ugomvi wa tarakimu. Wasemaji wa Kiingereza hutanguliza makumi kama sisi, na walipopimwa kwa tarakimu nao walikwama kwenye 47 na 62. Tena sarufi yetu ina kituko chake. Tunasema watu arobaini na wawili, vitabu arobaini na viwili, miti arobaini na miwili. Arobaini, yenye uzito wote, inabaki na nguo ileile. Ile mbili ya mwisho, isiyo na kura, ndiyo inayobadilishiwa kanzu kila mara. Ukitaka kumfundisha mtu kwamba tarakimu ya mwisho ni muhimu, huwezi kubuni sarufi bora zaidi.

Hazina yenyewe iko juu zaidi, kwenye maelfu. Mwingereza husema "mbili milioni": tarakimu kwanza, ukubwa baadaye. Sisi tunasema milioni mbili. Kwetu milioni, laki na elfu ni majina, na kama jina lolote hutangulia sifa yake: nyumba mbili, laki mbili. Maana yake ni kwamba msikilizaji wa Kiswahili huambiwa uzito kabla ya kuambiwa tarakimu. Nikisikia "laki..." nimeshajua niko katika tarakimu sita, hata kabla hujamaliza sentensi. Kitu ambacho jicho langu lilishindwa kukipata pale kituoni, yaani urefu wa namba, mdomo wa fundi ulikitoa kwanza kabisa. Laki. Mengine yalikuwa nyongeza.

Linganisha na magazeti yetu yanavyoandika: "Sh56.49 trilioni". Huo ni mpangilio wa Kiingereza uliovalishwa kanga. Msomaji anakutana na 56, akili inaanza kuipima kama hamsini na sita ya kawaida, ya umri au ya kilo, na neno linalobeba kila kitu linakuja mwishoni likiwa dogo na limechoka. Haishangazi kwamba bilioni na trilioni hubadilishana viti kwenye vichwa vya habari na wengi wasigutuke. Andika "trilioni 56.49" na msomaji atajua anaingia chumba gani kabla ya kuhesabu viti.

Hata hivyo mfumo wetu una nyufa, na ni vizuri kuzitazama. Ukisema elfu ishirini na tano, umesema 25,000 au 20,005? Kisarufi zote zinapita. Sokoni hakuna utata, kwa sababu hakuna anayedai shilingi tano ya chenji, lakini weka hesabu ya wapiga kura au ya dozi za chanjo, utaona kwa nini wengine hugeuza wakasema ishirini na tano elfu. Hapo wamepata uhakika na kupoteza ile faida ya kutanguliza ukubwa.

Kuna ufa mwingine ambao sijawahi kusikia ukitajwa. Neno laki lilitufikia kutoka India, na Wahindi huandika laki na nusu hivi: 1,50,000. Mkato wao unaangukia pale neno linapoanzia. Sisi tulichukua neno la Mhindi na mkato wa Mzungu. Tunaona 350,000, mkato unatwambia "mia tatu hamsini, kisha elfu", mdomo unasema "laki tatu na nusu". Jicho limekata mahali pengine na ulimi mahali pengine. Kila Mtanzania anayesoma bei ya simu dukani anafanya tafsiri hii mara kadhaa kwa siku na hajui kwamba anaifanya. Labda ndiyo sababu muuza simu haisemi kabisa. Yeye anasema "mia tatu na hamsini" na kukuachia kazi ya kujua kwamba si shilingi mia tatu na hamsini. Kwenye viwanja ukubwa unahama tena: "kumi na mbili" ni milioni kumi na mbili. Wote tunaelewana, kwa sababu bidhaa yenyewe ndiyo inayotaja masifuri. Shida huanza pale bidhaa isipokuwepo mbele yako, kwa mfano kwenye hotuba ya waziri.

Hapo hata kutaja ukubwa mwanzoni hakutoshi, kwa sababu neno lenyewe halina picha kichwani. Jumapili moja nilikuwa kwa dada yangu nikamchorea mpwa wangu wa darasa la pili mstari wa sentimita ishirini. Kushoto nikaandika 0, kulia 1,000, nikamwomba aweke 150 mahali pake. Akafikiri sana, akaweka alama karibu na katikati. "Mjomba, mia moja na hamsini si nyingi?" Hakuwa amekosa akili. Robert Siegler na John Opfer walichapisha mwaka 2003 matokeo ya mchezo huohuo kwa watoto wa Marekani: wa darasa la pili huzinyoosha namba ndogo na kuzibana kubwa, wa darasa la sita huziweka kwa usawa kama watu wazima.

Shemeji yangu, mhasibu wa miaka mingi, alikuwa akimcheka binti yake. Nikamchorea na yeye mstari wake, urefu uleule: kushoto elfu moja, kulia bilioni moja. Iko wapi milioni? Akaiweka katikati bila kusita, akarudi kwenye chai yake.

Hayuko peke yake. David Landy, Noah Silbert na Aleah Goldin waliwapa watu wazima mstari huohuo mwaka 2013 na kukuta kwamba karibu nusu yao huipeleka milioni karibu na katikati, kana kwamba elfu, milioni na bilioni ni vituo vitatu vya basi vyenye umbali sawa. Ni akili ya msafara ikifanya kazi tena, safari hii kwa maneno badala ya tarakimu. Mahali halisi pa milioni kwenye mstari wa mita moja ni milimita moja kutoka kushoto. Kwenye karatasi ya shemeji ilikuwa moja ya tano ya milimita, yaani ndani ya unene wa wino wa kalamu niliyochorea ile alama ya mwanzo. Nilipomwonyesha alibisha kwanza, akachukua kalamu, akagawa, akanyamaza. Kisha akasema kitu kilichonifurahisha: kwamba kazini hajawahi kukosea bilioni kwa milioni, kwa sababu pale haziangalii ukubwa, anaangalia safu. Mhasibu naye anafuata msafara, ila wake umepangwa kwenye mistari ya daftari.

Kwa wasio na daftari, mimi hutumia noti. Bunda la noti mia moja za shilingi elfu kumi ni milioni moja, na unene wake, zikiwa mpya, ni kama sentimita moja. Ukucha wa kidole. Panga bunda juu ya bunda hadi bilioni, unapata mnara wa mita kumi, ghorofa ya tatu hivi. Endelea hadi trilioni: kilomita kumi kwenda juu, na Kilimanjaro yenye mita zake 5,895 umeiacha chini zamani. Bajeti ya trilioni 56.49 haisimamishiki tena, inabidi kuilaza barabarani: kutoka Dar es Salaam, ipite Dodoma na kuendelea. Nyongeza ya mwaka mmoja peke yake, trilioni 7.14, inapita Kibaha ila haifiki Chalinze. Sijui kama picha hii inamsaidia mtu kuamua kama fedha ni nyingi au kidogo kwa nchi ya watu zaidi ya milioni sitini na moja. Hilo linahitaji kugawa, si kupanga. Lakini angalau ukucha na barabara ya Dodoma havichanganywi na mtu.

Nukta nayo ina mitego yake, ila nitaipitia mbio. Ipi kubwa, 56.49 au 56.5? Ukisita hata kidogo ni kwa sababu 49 inajitokeza kama arobaini na tisa mbele ya tano pekee. Mwaka 2024 programu za akili mnemba zilichekwa duniani kote kwa kudai kwamba 9.11 ni kubwa kuliko 9.9. Watoto wa shule wamekuwa wakifanya kosa hilo miaka yote bila kuandikwa magazetini. Watangazaji wa redio wanaosoma "nukta nne tisa" badala ya "nukta arobaini na tisa" wanatutendea wema mkubwa, na wale wa upande wa pili wangefaa kuwaiga.

Narudi kwenye ile skrini. Ujumbe wa menyu za nyota na reli una nafasi ya herufi 182. Nimezihesabu za ujumbe ulioniuliza kama nathibitisha: zilibaki nyingi. Mkato mmoja ungechukua nafasi moja. Maneno "laki moja na nusu" yangechukua kumi na saba, pamoja na nafasi za katikati, na yangenisomea kiasi kama fundi alivyonisomea, ukubwa ukiwa mbele. Hakuna kifaa kipya kinachohitajika, wala simu janja.

Fundi alinirudishia laki na elfu thelathini na tano siku ileile, akakata makato ya kutuma, haki yake. Jioni nikapita kwa wakala kutoa. Nikamwonyesha skrini kwa mazoea, hakuiangalia. Ana daftari la kaunta, kubwa, lenye jalada gumu, na safu ya kiasi ameijaza kwa maneno tupu, hakuna tarakimu hata moja: elfu arobaini, laki mbili, elfu sita na mia tano. Kalamu ikawa tayari mkononi.

"Kiasi gani, kaka?"

"Laki moja."

Akaandika, ndipo akabonyeza.